Mbaazi Ukikosa Maua

Wajukuu zangu,

Nawaandikia nikiwa na akili zangu timamu, ingawa magoti yameshastaafu. Mali ya kuwaachia sina. Nyumba hii ya Ngamiani ni ya urithi, tuna haki humo mimi na dada zangu. Minazi miwili ya uani huzaa inapotaka. Na kilichoko benki kitatosha sanda, khitma na soda za wageni. Basi wosia wangu hauna mirathi ya kugawana. Una deni moja, na ili mlielewe deni hilo itabidi niwarudishe Washington, Jumatatu ya tarehe 29 Septemba 2008, ambayo kwetu sisi tuliofunga ilikuwa 29 Ramadhani.

Kilichonishikisha kalamu ni simu ya mama yenu. Ananiambia mkubwa wenu mwakani anapiga kura kwa mara ya kwanza, na kwamba kwenu chakula cha usiku siku hizi hakiliki kwa ubishi: huyu amesimama na chama hiki, yule na kile, na kila mmoja ana mtu wake wa kumtwisha kila lililoharibika. Nilicheka. Simu ilipokatika sikucheka tena. Meza ya ubishi wa namna hiyo niliwahi kuwa nayo, kule Hyattsville, nje kidogo ya Washington, na aliyekaa upande wa pili alikuwa Babu wa Pongwe, kaka wa bibi yenu, shemeji yangu.

Siku hiyo nilikuwa nimeegesha teksi kwenye foleni ya kituo cha treni cha Union Station, hatua chache kutoka Bungeni kwao. Koo limekauka, redio inaunguruma, na madereva wa Kihabeshi waliokuwa mbele yangu wameshuka wote wamejazana kwenye mlango wa gari moja wakisikiliza. Ilikuwa inakaribia saa nane mchana. Baraza la Wawakilishi lilikuwa linapiga kura: serikali itoe dola bilioni 700 kuyanusuru mabenki, au isitoe.

Hakuna kati yenu aliyekuwa amezaliwa, kwa hiyo ngojeni niwaeleze balaa lilivyoanza. Miaka kadhaa kabla ya hapo mkopo wa nyumba Marekani ulikuwa unagawiwa kama njugu. Aliyekukopesha hakuwa na haja ya kukungoja umlipe miaka 30. Hazikupita wiki nyingi akauuza mkopo wako kwa wakubwa wa New York, nao wakauchanganya na maelfu ya mikopo mingine, wakaikatakata na kuiuza dunia nzima kama hati za uwekezaji. Makampuni ya kupima ubora, yanayolipwa na hao hao wauzaji, yakazigonga nyingi muhuri wa daraja la juu kabisa. Mnamjua muuza samaki wa Deep Sea hapa Tanga? Akijua utamkaanga samaki wake mtaa wa pili na kesho utarudi, atakuchagulia. Akijua samaki atauzwa kwa mtu, na mtu amuuzie mtu, na huyo amsafirishe nchi asiyoijua, atamwagia barafu na kufunga kapu. Soko zima la mikopo ya nyumba lilikuwa hivyo. Kila mtu anafunga kapu.

Bei za nyumba zilipoanza kushuka baada ya 2006, harufu ikatoka. Tarehe 15 Septemba 2008 Lehman Brothers, benki iliyokuwa na zaidi ya miaka 150, ikafilisika. Kesho yake AIG, kampuni ya bima iliyokuwa imeziwekea dhamana hati za namna hiyo, ikakopeshwa dola bilioni 85 na Benki Kuu ya Marekani isife. Ndipo Waziri wa Fedha, Henry Paulson, ambaye kabla ya uwaziri alikuwa mkuu wa Goldman Sachs, alipopeleka Bungeni ombi la bilioni 700. Lilikuwa la kurasa tatu, na ndani yake mlikuwa na kifungu kwamba maamuzi yake yasihojiwe na mahakama yoyote. Kurasa tatu! Mkataba wangu wa kwanza wa kupanga chumba kule ulikuwa na kurasa kumi na moja, na kifungu kizima kuhusu paka.

Bunge likamhoji, likaongeza masharti, kurasa zikapita mia. Siku ya kura kituo cha redio kilikuwa kinahesabu kama mtangazaji wa mpira. Matokeo: 205 wameafiki, 228 wamepinga. Wademokrat 140 waliafiki na 95 wakapinga. Warepublican 65 waliafiki na 133 wakapinga, na hawa wa mwisho ndio chama cha Rais George W. Bush, mwenye mpango wenyewe. Soko la hisa likaporomoka pointi 777. Zaidi ya dola trilioni 1 ziliyeyuka kabla sijafuturu.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana ndicho ninachokitaka. Viongozi wa Republican walitoka mbele ya waandishi wa habari, John Boehner na Eric Cantor wakiwamo, na Cantor alikuwa ameshika nakala ya hotuba ya Spika Nancy Pelosi. Hotuba hiyo Spika aliitoa kabla ya kura, na humo alilitupa balaa lote kwenye mlango wa Bush na sera za chama chake. Wakasema maneno yale yamewaudhi wabunge wao kama 12 hivi waliokuwa tayari kuafiki, wakageuka. Barney Frank, Mdemokrat wa Massachusetts, mwenyekiti wa kamati ya fedha, mtu mwenye ulimi wa wembe, akajibu kwamba apewe majina ya hao 12 akawabembeleze kwa lugha laini asiyoizoea.

Wahabeshi walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka. Lakini tazameni: Pelosi alikuwa anawaomba wapinzani wake wamsaidie kubeba jeneza, na njiani anawatukania ukoo. Huo ulikuwa ujinga. Na wale wa upande wa pili, watu wazima wenye wajukuu, walikuwa wanatuambia hadharani kwamba wameiacha nchi iungue kwa sababu wamesemwa vibaya. Huo sina jina lake. Wote wawili waliondoka pale na kitu walichokitaka, yaani jina la mwingine.

Kesho yake abiria aliacha gazeti kiti cha nyuma, nami nikaanza kusoma orodha ya waliopiga kura, jina kwa jina, nikingoja abiria wengine. Kura za Bunge lao si siri. Ziko wazi kama bei ya nyanya. Na magazeti ya wiki ile yalionyesha jambo ambalo hakuna kiongozi aliyelisema kwenye kipaza sauti. Wabunge waliokuwa wanaacha kazi mwaka ule, wasiorudi kuomba kura, karibu wote waliafiki. Wale wenye ushindani mkali majimboni kwao walipinga kwa wingi, wa chama hiki na wa chama kile. Uchaguzi ulikuwa tarehe 4 Novemba, wiki tano mbele. Mstari haukupita kati ya vyama, wanangu. Ulipita kati ya anayeogopa kufukuzwa kazi na asiyeogopa.

Basi wewe mkubwa wao, kabla hujamchagua wa kumlaani, itafute orodha. Usisikilize hotuba ya anayelaumu. Uliza alikaa kiti gani siku ile na alinyosha mkono upi.

Seneti ikalichukua jambo Jumatano, ikalipitisha kwa kura 74 dhidi ya 25. Zile kurasa tatu zilikuwa sasa zimepita mia nne. Ndani yake wakaingiza viungo vya kila namna ili kila mmoja apate kijiko cha kumwonyesha mpiga kura wake, hata msamaha wa ushuru kwa aina fulani ya mishale ya mbao ya watoto. Naapa sitanii. Uchumi wa dunia unazama, na mtu mmoja anakumbuka mishale ya watoto. Ijumaa ya tarehe 3 Oktoba Baraza likapiga kura tena: 263 dhidi ya 171, na Bush akatia saini siku hiyohiyo. Kura za kuafiki ziliongezeka 58 ndani ya siku nne. Hotuba ya Pelosi ilikuwa haijafutwa hata neno.

Idi ilikuwa imeangukia katikati ya wiki hiyo, baada ya mabishano yetu ya kawaida kati ya wafuatao mahesabu na wafuatao macho. Shemeji akaja kula nyumbani kwetu na familia yake. Yeye alikuwa raia, ana magari matatu meusi ya kukodisha kwa maharusi na wasafiri wa uwanja wa ndege, na alikuwa Mrepublican kwa sababu ya kodi, si kwa sababu nyingine yoyote. Mimi nilikuwa na kadi ya kijani. Kura sikuwa nayo, mdomo nilikuwa nao.

Tulianza kwenye biriani, tukamaliza kwenye kahawa. Yeye akasema kosa ni la Wademokrat: walitunga sheria mwaka 1977 ya kuyahimiza mabenki yakopeshe mitaa ya maskini, na wakayalinda mashirika mawili ya mikopo ya nyumba, Fannie Mae na Freddie Mac, yaliyokuwa yameoza. Mimi nikasema kosa ni la Warepublican: sheria ya 1999 yenye jina la Seneta wao Phil Gramm ndiyo iliyobomoa ukuta kati ya benki ya kuwekea akiba na benki ya kuchezea hisa. Sauti zikapanda. Bibi yenu akaleta kaimati, hakuna aliyegusa.

Nilikuja kujifunza baadaye, peke yangu, nikiwa sina tena mtu wa kubishana naye. Ile sheria yangu ya 1999 ilipita Seneti kwa kura 90 dhidi ya 8, na aliyeitia saini ni Bill Clinton, mtu wa chama changu mimi nisiye na kura. Mwaka uliofuata Bunge la Warepublican likapitisha sheria iliyoziacha dhamana za namna ile ya AIG bila msimamizi wa maana, na Clinton huyohuyo akaitia saini. Ile sheria yake shemeji ya 1977, tume iliyochunguza balaa zima ilikuta kwamba ni asilimia 6 tu ya mikopo ya riba kubwa iliyohusiana nayo. Fannie na Freddie kweli hawakuwa malaika: serikali iliyatwaa tarehe 7 Septemba 2008 na yakameza zaidi ya dola bilioni 180 za hazina. Ila yalikuwa na marafiki vyama vyote viwili, na aliyetangaza mwaka 2002 kwamba anataka wamiliki wapya milioni 5.5 wa nyumba kutoka jamii za wachache ni Bush. Sisi ndio tuliokuwa jamii za wachache. Nilipiga makofi.

Kwa hiyo mezani pale kila mmoja wetu alikuwa na nusu ya kweli, na akaitumia kama fimbo. Nusu iliyobaki ilikuwa mfukoni mwa mwenzake, na hakuna aliyeomba kuiona.

Hiyo tume niliyoitaja nayo ina kisa chake. Ilikuwa na wajumbe 10, sita walioteuliwa na Wademokrat na wanne walioteuliwa na Warepublican. Walihoji mamia ya mashahidi, wakasoma nyaraka zisizohesabika, na Januari 2011 wakatoa kitabu kinene. Wale sita wakakisaini. Watatu kati ya wanne wakaandika chao cha kupinga. Yule wa nne akaona hata hao watatu hawajatosha, akaandika cha peke yake. Ushahidi mmoja, hukumu tatu. Kadhi wa Tanga angewafukuza barazani.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenishangaza, na sikuwahi kumpenda: Alan Greenspan, aliyeiongoza Benki Kuu kuanzia 1987 mpaka 2006 chini ya marais wanne. Tarehe 23 Oktoba 2008 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge, mzee wa miaka 82, akakiri kwamba amekuta kasoro katika ile itikadi aliyoiamini maisha yake yote, kwamba mabenki yatajilinda yenyewe. Hakukiri yote. Alizungukazunguka. Lakini alisema "nilikosea" kwa maneno ya kisomi, na katika ile karamu nzima ya kunyosheana vidole, siwakumbuki wengine waliofika hata hapo.

Sasa kuhusu zile fedha zenyewe, nisije nikawaacha mkidhani ziliibwa zote. Paulson aliacha haraka mpango wake wa kununua mikopo mibovu. Tarehe 13 Oktoba aliwaita wakuu wa mabenki tisa makubwa ofisini kwake, na serikali ikanunua hisa zao kwa dola bilioni 125. Mwisho wa yote zilitumika kama bilioni 443 kati ya zile 700. Mabenki yakarudisha na faida juu. Hasara iliyobaki, pamoja na ya makampuni ya magari na ya kuwasaidia wenye nyumba, ilikisiwa kuwa kama bilioni 31. Kwa kawaida mtoto akifaulu, kila ukoo humdai. Huyu alizaliwa, akatembea, akalipa deni lake karibu lote, na koo zote mbili zikamkana. Mwaka 2010 kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza Wamarekani mpango ule ulipitishwa chini ya rais gani. Asilimia 47 walisema Barack Obama. Waliojua ni Bush walikuwa asilimia 34. Na Obama hakuwa wa kusingiziwa kabisa, kwani akiwa seneta aliupigia kura ya ndiyo, na mpinzani wake John McCain vilevile. Mwaka huohuo Bob Bennett wa Utah, seneta wa Republican wa vipindi vitatu, alitoswa na mkutano wa chama chake mwenyewe, na kura yake ya kuyaokoa mabenki ilikuwa miongoni mwa makosa aliyohesabiwa.

Msinielewe kwamba natetea. Mabenki yaliokolewa ndani ya siku nne, watu wakaambiwa walete fomu. Februari 2009 Obama alitangaza mpango wa kupunguziwa marejesho, uliolengwa kwa familia milioni 3 hadi 4; haukufika huko. Mimi nilipeleka stakabadhi zilezile mara nne kwa faksi kwa kampuni iliyokuwa inakusanya marejesho yangu, na kila nikipiga simu napokewa na mtu mpya anayesema hajaona kitu. Machi 2010 nyumba yetu ikanadiwa. Bibi yenu alitoa mapazia usiku, hakutaka majirani wamwone. Fedha nilizokuwa natuma Tanga kila mwezi zilikuwa zimekatika tangu mwaka mmoja kabla, na huku nako watu walikuwa na yao: bei ya pamba na kahawa imeanguka, na Juni 2009 Rais Kikwete akatangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kuunusuru uchumi. Dada yangu aliniuliza kwenye simu, "Huko kwenu nako wakubwa ndio wanaoanza kuokolewa?" Nikamwambia hiyo simu ni ghali, tuzungumze mengine.

Nimefika kwenye deni.

Mmekua mkisikia kwamba Babu wa Pongwe ndiye aliyetuponza. Mama yenu anaamini hivyo, na aliyemwambia ni mimi. Nilisema msikitini, nilisema kwenye kikao cha familia, nilisema hapa Tanga niliporudi 2015: shemeji ndiye aliyenipeleka kwa yule dalali wa mikopo, shemeji ndiye aliyesema kila mtu ananunua. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mimi jua langu lilikuwa na magari matatu meusi na lilipenda Warepublican, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuamini kwamba lina moyo mgumu pia.

Mambo yalivyokuwa ni haya. Mwaka 2005 shemeji alinipeleka kweli kwa dalali huyo, kwa sababu nilimsumbua mwezi mzima. Njiani aliniambia mikopo ya siku hizi riba yake ni nafuu miaka miwili tu, kisha inapanda. Akasema nipige hesabu ya mwaka wa tatu kwanza. Nilimjibu kwamba yeye ana nyumba tayari, ndiyo maana anaona kila mtu hastahili. Akanyamaza. Tulipofika alibaki garini. Ndani, dalali alinigeuzia fomu niliyosainishwa. Mwaka ule nilipata dola 38,000 kwa teksi, na hiyo nimeizidisha kidogo. Kwenye mstari wa mapato paliandikwa 96,000. Niliiona. Sikuhitaji miwani wakati huo. Nilimtazama dalali, akanitazama, akasema kwa upole kwamba ni utaratibu tu. Nikasaini. Niliporudi garini shemeji akauliza, "Umesoma yote?" Nikasema nimesoma yote, na ilikuwa kweli.

Tena nisisahau: kabla ya hapo nilikuwa nimetafuta sheikh wa kunifungulia mlango wa riba, kwamba ugenini kuna dharura. Wa kwanza alinikatalia. Wa pili alinikatalia. Wa tatu nilimpata, na huyo ndiye niliyemwita mwanachuoni.

Hayo hayamtakasi dalali. Alijua anachokifanya na alilipwa kwa kukifanya, na juu yake kulikuwa na walionunua karatasi ile bila kuisoma, na juu yao waliotunga sheria za kutoisoma. Wote hao wana sehemu yao, na mkiwa raia muwadai, kwa jina na kwa tarehe. Lakini nilipokuwa nawapigia kelele Cantor na Pelosi kwenye redio ya teksi, fomu yangu ilikuwa kabatini, droo ya chini, chini ya vyeti vya chanjo vya mama yenu. Nilikuwa nawacheka watu kwa kazi niliyokuwa naifanya mwenyewe kila Ijumaa, tena kwa hasara kubwa zaidi, kwa sababu wao walikuwa wanapoteza viti tu.

Bibi yenu alifariki 2019. Mpaka anafumba macho aliamini kwamba kaka yake aliivunja nyumba yake. Shemeji alikuja mazikoni, akasimama safu ya nyuma, akatupa udongo kiganja kimoja, akaondoka bila kunywa chai. Yeye hakuwahi kumweleza dada yake aliyonionya. Nimeuliza kwa watu: hakumweleza mtu yeyote. Kwa nini, sijui. Labda aliona ni mume wa dada yake, na kusema ukweli ule ni kumvunjia dada yake nyumba ya pili.

Sasa yuko Pongwe kwa mwanawe. Macho yamekwisha, masikio yako sawa. Ndani ya bahasha hii mna nakala ya fomu ile. Ukurasa wa tatu, mstari wa mapato, na sahihi iliyo chini ni yangu. Mkija Tanga, nendeni mkamsomee kurasa hizi, hasa kuanzia nilipoandika kuhusu deni. Anzeni na salamu, mpeni muda, msimkatize akitaka kusema. Mama yenu awe hapo.

Najua mtauliza kwa nini sikumwambia mwenyewe. Kutoka Ngamiani hadi Pongwe ni daladala moja. Nimeshafika kituoni mara mbili mwezi huu. Ikiwa waraka huu umewafikia na mzee yule bado hajaambiwa, mjue nauli nilikuwa nayo.

Babu yenu,
Ngamiani, Tanga